Mkwe Aliyekula Matobolwa Mtoni

Simu ya baba mdogo Chenge ilimkuta Kashindye amepiga magoti nyuma ya jokofu la mchuuzi mmoja wa sangara pale Mwaloni, Kirumba, bisibisi mkononi na tochi mdomoni. Aliitema tochi, akapokea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Kazini. Kuna jokofu hapa halishiki ubaridi, nime..."

"Achana na majokofu! Njoo Kaseni sasa hivi. Huyo mchumba wako ameharibu."

"Ameharibu nini, baba?"

"Amekula na mama yako."

"Amekula nini?"

"Matobolwa! Kibakuli kimoja! Wiki tatu mfululizo!" Simu ikakatwa.

Sasa wewe msomaji, kama kwenu mkwe na mkwe wanakaa meza moja na kupasiana chumvi, hongereni sana. Katika ukoo wa kina Kashindye jambo hilo halipo, hata kama chakula chenyewe ni matobolwa tu, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Mwanamume akishaposa, yeye na mama wa binti hawashikani mikono, hawatazamani usoni, na kula pamoja ndiyo usiseme kabisa. Wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani, na kama hakuna kichaka anageukia ukuta. Ndiyo heshima yenyewe, na wameishi nayo miaka mingi bila shida. Na barua ya posa ya Nathaniel ilikuwa imepokelewa Alhamisi na baba mdogo Chenge. Leo ilikuwa Jumamosi.

Kashindye alimwomba radhi mchuuzi wa sangara, akanawa mafuta mikononi na kupanda bodaboda. Njia nzima alikuwa anajisemea peke yake mpaka dereva akamuuliza, "Dada, unaongea na mimi?"

"Hapana, kaka. Wewe kimbiza tu."

Kaseni ni mto mdogo unaoshuka kutoka milimani, kupita katikati ya jiji la Mwanza na kuingia ziwani. Kingo zake zimejengwa kwa mawe pande zote mbili, mawe yaliyochongwa kwa mkono na kupangwa bila pengo, na karibu na mdomo wake kuna ngazi pana ambako zamani mitumbwi ya kutoka Ukerewe ilitia nanga na mizigo yake ya machungwa na mihogo. Siku hizi maduka yameupa mgongo. Kulikuwa na mpango wa kuufunika kwa zege, juu yake watu waegeshe magari. Nathaniel, ofisa wa mambo ya kale, alikuwa amehangaika miaka miwili ili Kaseni itangazwe eneo la urithi, lisiguswe na mtu. Kashindye alimfahamu kupitia friji la ofisi yao. Mara ya kwanza lilikuwa bovu kweli. Mara ya pili lilikuwa bovu kidogo. Mara ya tatu alikuta waya umechomolewa tu, na kijana mmoja mrefu amesimama pembeni anaona haya. Tangu siku hiyo Kashindye hakuwa na raha asipomwona.

Alimkuta darajani, mshenga wake ameshampigia simu kumweleza kosa. Viatu vyake vilikuwa na matope kama kawaida, na kifuani amekumbatia faili lililofungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Alipomwona Kashindye uso wake uling'aa, halafu akakumbuka mambo yalivyo na ukazima.

"Wiki tatu, Nathaniel! Unakula na mama yangu wiki tatu!"

"Ningejuaje, Kashi? Uliniambia mama yako anakaa Mkolani."

"Si anakaa Mkolani! Anakuja hapa kila asubuhi kumwagilia mchicha wake!"

"Hilo la mchicha hukuniambia."

"Na wewe hukumuuliza jina?"

"Nilimuuliza. Akasema yeye ni Mama Kulwa."

"Mimi naitwa nani?"

"Kashindye."

"Ehee! Kulwa na Dotto mapacha, akaja Shija, nikaja mimi Kashindye. Msukuma yeyote akilisikia jina langu anajua kwetu mapacha walitangulia. Wewe na shahada yako ya historia!"

"Mimi Mkerewe, jamani," alisema Nathaniel kwa unyonge. "Halafu Mwanza hii kina Mama Kulwa wako wangapi? Mtaani kwangu peke yake wako wanne. Nilitakiwa niwakimbie wote?"

Kicheko kilimpanda Kashindye mpaka kooni. Alikimeza haraka, maana hasira yake ilikuwa bado haijaisha na hakutaka ipotee hivihivi.

"Baba mdogo amenitumia ujumbe: aliipeleka barua kwa mama leo asubuhi, na picha yako ndani," alisema. "Mama akaitazama, akasema, huyu namfahamu, nimekula naye matobolwa. Baba mdogo nusura aanguke kwenye kigoda."

Nathaniel alifunika uso kwa faili. "Yale matobolwa na karanga, Kashi, sijawahi kula kitu kitamu vile. Na mazungumzo yake! Yule mama ndiye faili lote hili. Ofisini hakuna karatasi hata moja ya Kaseni. Nani alichonga mawe, mitumbwi ilifungwa wapi, watu walibatizwa wapi, vyote viko kichwani mwake. Baba yake ndiye aliyekuwa fundi mwashi. Nimeandika kurasa arobaini."

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Hajatia sahihi. Na ni lazima asaini mbele yangu mimi niliyeandika, ana kwa ana. Kamati ya urithi inakaa Jumatatu saa nne. Bila sahihi yake kurasa zote hizi ni hadithi tu, na zege linamwagwa."

Kashindye aliegemea ukingo wa daraja. Chini, maji yalikuwa yanapita taratibu juu ya changarawe. Alimtazama Nathaniel, naye akamtazama. Alikuwa na macho ya upole sana yule mtu. Hata akiwa amekosea, ulikuwa unataka kumsamehe kwanza, kisha ndiyo umgombeze.

"Lakini nimefikiria njia," Nathaniel alisema, akichangamka.

"Njia gani?"

"Nimwombe mshenga aende akaichukue ile barua ya posa. Wiki moja tu! Nisipokuwa nimeposa, mimi si mkwe. Mama anasaini, kamati inakaa, halafu Jumamosi ijayo tunaipeleka tena. Hata bahasha ni ileile."

Alilisema hilo kwa furaha, kama mtu aliyepata dawa. Kashindye alirudi nyuma hatua moja.

"Unarudisha posa yangu," alisema polepole.

"Siku saba tu, Kashi."

"Kwa ajili ya mto."

"Si kwa ajili ya... Kashi, sikiliza."

"Nathaniel, kwetu posa ikishaondolewa ndani ya nyumba haipokelewi tena. Hata uje na ng'ombe wa Usukuma nzima. Shangazi yangu mmoja barua yake ilirudishwa kwa ugomvi wa siku mbili tu, wakapatana, mlango ukawa umeshafungwa. Mpaka leo yuko peke yake, na huyo mwanamume anampita barabarani. Ndiyo unayonitakia?"

Rangi ilimtoka Nathaniel usoni. "Sikujua."

"Leo kuna kitu chochote unachokijua?"

Machozi yalikuwa yamefika, na Kashindye alichukia kulia barabarani, watu wanapita na mikungu ya ndizi wanamwangalia. Nathaniel aliangalia faili, akaangalia maji, kisha akaliweka faili juu ya ukingo wa daraja na kulisukuma mbali naye.

"Basi wamwage hilo zege," alisema. "Siendi popote na posa. Mto nitaulilia, lakini nitazoea. Wewe siwezi kuzoea kukukosa."

Kashindye aliona jinsi vidole vyake vilivyokuwa bado vinaligusa lile faili kwa pembeni, haviwezi kuliacha. Miaka miwili ya mtu ilikuwa mle ndani. Akampenda pale kuliko siku zote alizowahi kumpenda, na wakati huohuo akatamani kumpiga kofi.

"Chukua faili lako, mjinga wewe," alisema, akijifuta macho kwa kiganja. "Nilikupenda na matope ya mto huu miguuni. Ukiuacha kwa ajili yangu, tutakuwa tunapita hapa wazee, wewe unatazama magari yaliyoegeshwa na mimi natazama sura yako. Sitaki. Twende kwa mama."

"Nikamtazame? Si ndiyo makosa yanaongezeka?"

"Utatazama chini. Twende."

Hata hawajashuka vizuri sauti ikawapokea.

"Wewe kijana! Simama hapohapo!"

Baba mdogo Chenge alikuwa amesimama juu ya ngazi za mawe, mzee mfupi mwenye kofia ya pama iliyomzidi kichwa, fimbo ameielekeza kwa Nathaniel. "Vuka ng'ambo! Geuka! Tazama ziwa!"

Nathaniel alivuka mbiombio akasimama ukingo wa pili, mgongo kwao, faili kifuani. Sauti yake ilikuja kutoka huko: "Shikamoo, mzee!"

"Marahaba! Usigeuke!"

"Sigeuki, mzee!"

Mama yake Kashindye, Bibi Dorcas, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Kulwa, alikuwa ameketi kwenye ngazi ya tatu, ndoo ya kumwagilia iko kando yake na kibakuli mapajani. Alikuwa anatafuna taratibu. Ungedhani amekuja kuangalia ngoma.

"Shikamoo, mama," Kashindye alisema, akipiga goti.

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Mama, hiki si kipindi cha kuulizana kula!"

"Shemeji, unamsikia?" Chenge alidakia. "Hata mtoto anaona. Kosa hili ni kubwa. Mkwe na mkwe, kibakuli kimoja, mchana kweupe, ngazini, watu wanapita! Mimi naona ile barua irudi, tuanze kutafuta kwingine. Yuko kijana mmoja kule Misungwi ana..."

"Baba, simtaki wa Misungwi!" Kashindye alilia.

"Simtaki wa Misungwi!" Nathaniel naye alisema kutoka ng'ambo, bila kugeuka. Kisha akajirekebisha. "Nina maana, asimtake, mzee!"

Mama Kulwa aliinamisha kichwa. Mabega yalimtikisika kidogo. Aliweka kibakuli chini na kupangusa mikono.

"Shemeji Chenge," alisema, "barua umeniletea lini?"

"Leo asubuhi."

"Nimeijibu?"

"Bado, lakini..."

"Nimesema ndiyo?"

"Hujasema."

"Nimesema hapana?"

"Hujasema hilo pia."

"Basi yule pale ng'ambo ni mkwe wa nani?"

Chenge alivua kofia, akatazama ndani yake kama kwamba jibu limo humo, akaivaa tena.

"Yule ni mfanyakazi wa serikali amekuja kuniuliza habari za mto," Mama Kulwa aliendelea. "Mambo ya ukwe yanaanza nikisema neno langu, na neno langu bado ninalo. Kijana! Rudi huku na karatasi zako."

Nathaniel alirudi. Alisimama ngazi mbili chini ya yule mama, macho kwenye viatu vyake mwenyewe, masikio yamemwiva.

"Nisomee ukurasa wa mwisho."

Alisoma. Sauti ilikuwa inatetemeka mwanzoni, kisha ikatulia, maana alikuwa anasoma kitu anachokipenda. Alisoma habari za mzee Yeremia fundi mwashi, jinsi alivyokuwa anagonga jiwe kwa nyundo na kulisikiliza kabla ya kulikubali. Akasoma kwamba ngazi alizozijenga ni kumi na nne.

"Kumi na tano," Mama Kulwa alisema.

"Mama, nimezihesabu mara nyingi. Ziko..."

"Kumi na tano. Ya mwisho iko chini ya maji. Baba aliiweka kwa ajili ya miaka ya ukame, ziwa likirudi nyuma, wanawake wasikanyage tope. Nilikuwa namshikia kamba."

Nathaniel alimkabidhi Kashindye faili, akavua viatu, akakunja suruali na kuingia majini. Kashindye alimwona anapapasa kwa mguu, uso umekunjamana, ulimi nje kidogo kama anavyofanya siku zote akiwaza. Hatua moja. Mbili. Halafu akasimama.

"Ipo!" alipiga kelele. "Kashi, ipo! Kumi na tano!" Akarusha mikono yote juu kwa furaha, mguu ukateleza kwenye ukoga, na ofisa wa mambo ya kale akakaa majini mpaka kifuani.

Kashindye alicheka mpaka akashika mbavu. Chenge aligeukia ukuta ili asionekane. Mama Kulwa hakucheka. Alikuwa anamtazama tu yule kijana akitoka mle majini huku bado anasema "kumi na tano, kumi na tano", akitafuta kalamu asahihishe ukurasa kabla hajatafuta viatu.

"Lete nisaini," alisema.

Aliandika jina lake polepole, herufi moja baada ya nyingine: Dorcas Yeremia. Nathaniel alisaini chini yake, maji yanamchuruzika kiwikoni, na Kashindye akaishika karatasi kwa ncha za vidole isije ikalowa. Ya mto yalikuwa yamekwisha. Yake yeye ndiyo yalikuwa yamebaki.

"Sasa nikuambie kitu," Mama Kulwa alisema, akimgeukia binti yake. "Huyu nilimjua tangu siku ya kwanza."

"Mama!"

"Niliwaona pale darajani siku ile ya mvua kubwa. Koti lake lote alikufunika wewe, yeye akabaki analowa. Kesho yake akaja hapa na daftari, shikamoo mama, naomba unisimulie. Nikasema, kaa."

"Shemeji!" Chenge alishika fimbo kwa mikono miwili. "Ulijua? Ulifanya makusudi?"

"Makusudi kabisa."

"Kwa nini, mama?" Kashindye aliuliza.

Mama Kulwa alipozungumza, ule utani ulikuwa umeondoka kwenye sauti yake.

"Shija ameolewa, huu mwaka wa nane. Mume wake ni mtu mzuri, wanasema. Mimi namjua kwa viatu na kwa kikohozi. Ukiniweka sokoni kati ya wanaume kumi, simtambui. Siku nikifa atanizika mtu ambaye sijamwona uso. Sikatai, ndiyo heshima yetu na nimeifuata. Lakini wewe ndiye wa mwisho. Nikasema, huyu atakayemchukua Kashindye wangu nimtazame kwanza, nijue anachekaje, anakulaje, akikosolewa anakasirika au anasikiliza. Akishakuwa mkwe nitamwona wapi tena? Nilitaka nimwone akiwa bado mtoto wa watu. Kama kuna faini ya mbuzi, nitatoa mimi."

Chenge alikaa chini kwenye ngazi, akapangusa jicho moja kwa kona ya koti, akasema ni vumbi.

"Na umemwonaje?" Kashindye aliuliza kwa sauti ndogo.

Mama yake aliinua kibakuli, ndani kulikuwa na kipande kimoja kimebaki, akamnyooshea Nathaniel. "Malizia."

Nathaniel alimtazama Chenge. Chenge alitazama pembeni. Nathaniel akakipokea kwa mikono miwili, akala. Wakati anatafuna Mama Kulwa alimwangalia, safari hii bila haraka yoyote, kuanzia nywele zilizolowa, paji la uso, macho, mpaka kidevuni, na Kashindye alijua mama yake anaiweka ile sura mahali ambapo haitapotea.

Kisha Mama Kulwa alisimama, akachukua ndoo yake.

"Mama, asante," Nathaniel alisema, akipiga hatua mbele na mkono ameunyoosha. "Kwa kweli sijui nise..."

Mama Kulwa aliivuta kanga yake kutoka mabegani, akajifunika kichwa na uso wote, akageuka na kukimbia. Umri wake na magoti yake yale, alikimbia! Alikatiza matuta ya mchicha, akachuchumaa nyuma ya ukuta wa mawe, na ikaonekana ncha ya kanga tu.

Mkono wa Nathaniel ulibaki hewani. "Nimekosea nini tena?" aliuliza, uso umemparama. "Kashi, nimemuudhi?"

Kashindye alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Aliyenyanyuka ni Chenge. Alimshika Nathaniel mabega kwa nguvu ya ajabu kwa mzee wa kimo kile, akamgeuza mzima mzima mpaka uso ukaelekea ziwani.

"Usimtazame mkwe wako, we mtoto!" alifoka. "Kwenu hamkufundishwa adabu?"

"Mkwe wa..." Nathaniel alianza. Halafu akaelewa, akakaa palepale kwenye tope.

Sauti ya Mama Kulwa ilitoka nyuma ya ukuta, ya juu na ya ukali kidogo, sauti ya mwanamke anayejua nafasi yake.

"Kashindye!"

"Abee, mama."

"Mwambie mkwe wangu apite njia ya juu. Nataka kwenda nyumbani, na hapo alipokaa amenizibia njia."

Nathaniel alikuwa hatua chache tu kutoka pale, na alisikia kila neno. Hata hivyo Kashindye alishuka ngazi mpaka alipokuwa amekaa, akainama sikioni kwake, na huku machozi yanamdondoka na kicheko kinamkatisha, akamfikishia ujumbe wote kama alivyotumwa.